Kukaa Chini Pamoja na Ayubu

Anayeishi Ibanda, wilayani Kasese, hahitaji kuhubiriwa kwamba maisha yana mitihani. Mto Mubuku unateremka kutoka barafu za Rwenzori, unatupitia hapa na kuelekea Bugoye, kisha Ziwa George. Siku nyingi ni mto wa heri: tunachota maji, tunafulia, mashamba ya bondeni yananyweshwa kwa maji yake. Lakini mvua ikinyesha sana huko juu, usiku mmoja unatosha kugeuza kila kitu. Mei 2020 mito ya Mubuku, Nyamwamba, Nyamughasana na Lhubiriha ilivunja kingo karibu kwa wakati mmoja. Hospitali ya Kilembe, iliyokwisha kuharibiwa na mafuriko ya Mei 2013, ilipigwa tena. Maelfu ya watu wa wilaya hii walibaki bila makao. Na ulikuwa mwaka wa korona: makanisa yalifungwa tangu Machi, yakaja kufunguliwa Septemba. Siku tulipomhitaji mchungaji kuliko siku zote, mlango wa kanisa ulikuwa na kufuli.

Nimeutafakari sana mwaka ule, maana ndio ulionionyesha Mkristo anapata wapi nguvu za kuendelea.

Jirani yetu mmoja, mama mjane, alipoteza karibu shamba lake lote. Maji yaliondoka na udongo, yakaacha mchanga na mawe, mengine yanamzidi mtu kimo, yamekaa pale palipokuwa na migomba na mibuni. Asubuhi alikuwa amesimama ukingoni, gauni limelowa mpaka magotini, jembe mkononi na hana pa kulipiga. Mpita njia akamwambia maneno ambayo sote tumezoea kuyasema: mama, usikate tamaa, Mungu anajua. Mama akamjibu kwa upole, "Hilo nalijua, ndugu yangu. Hebu nishikie huku." Kulikuwa na gogo limeziba mfereji. Yule mtu akaweka mzigo wake chini, wakalisukuma pamoja.

Jioni walikuja akina mama wenzake wa kanisani. Waliketi uani, mmoja huku, mwingine kule, kama serikali ilivyoagiza. Mmoja akaomba, si sala ndefu. Kisha mweka hazina wa kikundi chao cha kuweka na kukopa akasema kwamba wenye funguo tatu za sanduku wote wapo, basi lifunguliwe hata kama siku ya kugawana akiba haijafika. Mjane akapewa fedha za mbegu bila riba. Siku zilizofuata walizunguka na majembe katikati ya yale mawe, wakitafuta palipobaki udongo, wakapanda maharage na viazi vitamu kwenye vipande ambavyo vingine havizidi upana wa mkeka. Maharage yale yaliota. Shamba halikurudi lilivyokuwa, na sidhani kama litarudi.

Mtu akiniuliza imani ni nini, namwonyesha shamba lile.

Tukisoma habari za Ayubu huwa tunawalaumu upesi wale rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari. Tunasahau walivyoanza. Walikuja kutoka mbali, wakaketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa mno. Hapo walikuwa wafariji wa kweli. Waliharibu walipofumbua vinywa na kuanza kumtafutia dhambi aliyoitenda.

Kosa hilo bado liko mimbarani kwetu. Kila mto unapofurika utamsikia mhubiri akisema maji yameletwa na laana ya ukoo, au kwamba mtu angetoa fungu la kumi nyumba yake ingesalimika. Nasema bila kuficha: hayo si mafundisho ya Kristo. Mnara wa Siloamu ulipoua watu 18, Yesu mwenyewe alikataa kwamba walikuwa wenye dhambi kuliko wakaazi wengine wa Yerusalemu. Anayemtwika mfiwa mzigo wa hatia juu ya msiba wake anamwibia hata zile nguvu chache zilizobaki.

Watu wa Bwera, jirani na Mpondwe, wanaujua uchungu wa mfiwa kuliko sisi. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha huko Mpondwe, karibu kabisa na mpaka wa Kongo, wakaua watu zaidi ya 40, na 37 kati yao walikuwa wanafunzi. Bweni la wavulana lilichomwa moto. Wako wazazi waliosubiri vipimo vya DNA ili wajue yupi ni wa kuzika. Mbele ya mzazi kama huyo, unaeleza nini? Matanga yetu yana hekima hapa: mkeka unatandikwa, watu wanakaa, uji unapikwa, wimbo unaanzishwa, mwingine analia katikati ya wimbo na hakuna anayemnyamazisha. Kulia hakupunguzi imani ya mtu. Zaburi nyingi ni malalamiko mbele za Mungu, na Kanisa limeziimba karne zote bila kuona aibu.

Wala kuvumilia si kunyamaza na kungoja. Mwinjilisti Apolo Kivebulaya alitoka Toro mwaka 1896 kupeleka Injili Boga, ng'ambo ya milima yetu ya Rwenzori. Alipigwa, akasingiziwa kifo cha dada wa chifu wa huko, Tabaro, akarudishwa Toro akiwa amefungwa minyororo. Alipoachiwa alirudi Boga, kwa watu walewale. Baadaye Tabaro alibatizwa. Apolo alifia huko mwaka 1933, akiwa mzee. Alikaa na watu, akala nao, akafundisha watoto wao kusoma.

Nasi tusikae tukingoja: mvua za Machi hadi Mei zitarudi, na zile za Agosti hadi Novemba pia. Nawaomba wachungaji, mapadri na wazee wa makanisa wa Ibanda, Kasese mjini na Bwera: andikeni orodha ya nyumba za waumini zilizo karibu na mto, na za majirani wasio waumini. Mjane gani ana watoto wadogo, mzee gani hawezi kukimbia, nani amelazwa kitandani. Kila jina lipewe vijana wawili watakaokwenda kumgongea mlango usiku wa mafuriko na kumbeba ikibidi. Orodha isomwe Jumapili wakati wa matangazo, kabla ya baraka, ili kila mtu atoke kanisani akijua amekabidhiwa nani.