Nani Alipiga Besi?

Panda matatu ya Free Area jioni ukae nyuma, na besi itakufikia kifuani kabla hujasikia mwimbaji anasema nini. Hapa Nakuru, matatu isiyo na besi watu wanaiacha ipite. Lakini ukiuliza abiria ni nani aliyeipiga, hutapata jibu. Jina la mwimbaji wanalo, hata la prodyuza. La mpiga besi, wapi!

Naomba tulifikirie hili kama swali la maadili, si la muziki peke yake. Mtu akifanya kazi inayobeba wengine na jina lake lisitajwe, huo ni unyenyekevu au ni wizi?

Mwaka huu najifunza besi ya jazz kwa mzee mmoja anayepiga kanisani Section 58. Hapa kwetu neno jazz lina historia yake: OK Jazz ya Kinshasa iliyoanza 1956, Morogoro Jazz, Shirati Jazz ya D.O. Misiani. Wote walijiita Jazz wakapiga rumba, dansi na benga. Mzee ananifundisha ile ya Marekani, yenye besi inayotembea. Anasema ukiielewa hiyo, hata sauti ya nne ya kwaya utaisikia kwa masikio mengine.

Mwanzo wake si mgumu. Nyuzi ni nne: E, A, D, G. Unapewa kordi tatu ambazo jazz haichoki kuzirudia: D maina, G saba, kisha C. Kila moja unaipa mapigo manne, na kila pigo noti moja. Pigo la kwanza unataja mzizi wa kordi, ili kila mtu ajue mko wapi. La pili na la tatu unapita kwenye noti zingine za kordi hiyo. La nne unasimama nusu hatua kutoka kwa mzizi unaofuata, kama mtu aliyeshika kitasa cha mlango. Kwa hivyo D, F, A, A-flati. Halafu G, B, D, D-flati. Halafu C, umefika nyumbani.

Kilichonishtua kilikuja baadaye. Mpiga piano akishika C, E na G, hiyo ni C meja, imetulia. Mimi nikipiga A chini yake, bila yeye kusogeza hata kidole, kordi inageuka kuwa A maina saba, na ile furaha inaingiwa na huzuni. Yaani aliye chini ndiye anaamua walio juu wamesema nini. Tumezoea kumwambia mtu wa chini avumilie, atumikie, Mungu anaona. Nadharia inasema kitu kingine: huyo ana mamlaka, na mwenye mamlaka lazima awajibike.

Sasa mwangalie James Jamerson. Alitoka kwenye jazz, akapiga besi kwenye nyimbo nyingi zilizovuma za Motown kule Detroit miaka ya 1960. Majalada ya kampuni hayakuwa yakitaja wanamuziki wa studio. Jina lake lilikuja kuchapishwa kwenye albamu ya Marvin Gaye, What's Going On, mwaka 1971.

Utasema: si alilipwa? Hiyo hoja naijua vizuri, naishi nayo. Niliacha chuo kabla ya kumaliza, na sasa naandika makala za tovuti za watu wa ng'ambo, nalipwa kwa idadi ya maneno, na zinatoka kwa majina yao. Siko peke yangu hapa Nax. Tulikubaliana, M-Pesa inaingia. Na fundi aliyejenga nyumba unayoishi hakuandika jina ukutani, na husemi ameibiwa.

Ni kweli. Lakini nyumba ikipata ufa, fundi anatafutwa. Mzee wangu naye hatajwi kwenye matangazo ya Jumapili, ila akipiga noti mbaya kwaya nzima inageuka kumwangalia. Nadhani tunakosea tukifikiri jina ni la sifa tu. Jina ni njia ya kukufikia. Kutosikika na kufutwa si kitu kimoja: asiyesikika bado anaweza kuulizwa. Angalia zile baa za nyama choma ambako mugithi inapigwa na mtu mmoja na gitaa lake, besi imewekwa kwenye kinanda. Noti ziko sawa kabisa, lakini kinanda hakiwezi kuona aibu.

Kwa hivyo naona wizi wa aina mbili. Jamerson aliwajibika kwa kila noti pale studio, lakini wasikilizaji hawakuambiwa ni yeye. Aliyeibiwa hapo ni mpigaji. Upande wangu ni kinyume: nalipwa, lakini siwezi kuulizwa. Anayeibiwa hapo ni msomaji.

Mwezi uliopita niliitishwa ushauri kwa wagonjwa wa kisukari, utoke kwa jina la daktari, na picha yake juu. Mgonjwa angeacha dawa au kuzidisha kwa neno langu, na hana njia ya kunipata. Niliikataa. Kodi ya nyumba nimelipa nusu, na mwenye nyumba hataki kusikia habari za kordi. Maelezo ya magodoro bado naandika bila jina na nalala vizuri, kwa sababu godoro likiwa bovu mtu anajua atalirudisha duka gani.

Kwa hivyo sitamwambia mtu akatae kila kazi isiyo na jina lake. Wengi wetu hatungekula. Ila kabla ya kuikubali najiuliza: hii noti ikiharibika, watamgeukia nani?