Imani Sokoni

Mkulima wa chai wa Nyamache huchuma majani mawili na chipukizi, hupimiwa kilo zake kituoni, hulipwa kidogo kila mwezi, kisha husubiri bonasi ya mwaka. Karo ya watoto imo humo. Kuhusu jasho la shambani kama hili, Yakobo, katika waraka wake, sura ya 5, aliwakemea matajiri waliozuia ujira wa wavunaji. Kilio chao, anaandika, kimemfikia Bwana. Nasi? Jumamosi au Jumapili tunaimba kanisani, halafu siku ya soko tunambana mama wa ndizi mpaka asibakiwe hata na nauli. Mizani ya haki ya Walawi 19 inamhusu mnunuzi pia, naamini hivyo kwa dhati. Kabla hujataja bei yako, muulize mkungu umemgharimu kiasi gani kuufikisha sokoni.