Mbwa Hana Kadi

Juni 2023, mgao wa chakula hapa Nyarugusu uliposhuka hadi nusu, jirani yangu alisimama mlangoni akamtazama Simba anavyoramba sufuria. Akasema, "Baba Esta, wanangu wamelala na uji. Na huyo naye anakula?" Sikumjibu. Nikajifanya natafuta kuni.

Nimelijibu swali lake mara nyingi tangu hapo, peke yangu, na kila mara jibu linanishinda mahali.

Tuanze na hesabu. Mtu mmoja hupangiwa kalori 2,100 kwa siku. Nusu yake ni 1,050. Mbwa wa kilo 15 hivi, kama Simba alivyo kwa macho, anahitaji kama 850 ili ashibe. Yaani nikimlisha vizuri kutoka kwenye mgao wetu, ni kama nimeongeza mtu nyumbani ambaye hayupo kwenye kadi. Jirani hakukosea.

Wengine watasema mbwa ajitafutie. Sawa, kama angekuwa huru. Lakini ni mimi niliyemfunga kamba, ili usiku alinde kuku na mlango, mchana asiume watoto wa watu. Jalala nimemnyima mwenyewe, halafu niseme njaa yake hainihusu? Mchungaji wetu alinikumbusha yule mwanamke Mkanaani wa Mathayo 15, kwamba mbwa wana haki ya makombo. Ni kweli, ila pale meza ilikuwa na mkate. Kwetu siku hizi hakuna kinachodondoka.

Basi nikapata njia niliyoiona ya busara. Mvua za Novemba zilipenya kwenye turubai, gunia la unga likalowa upande mmoja. Baada ya siku chache ukawa na mabonge ya kijani na harufu ya udongo. Mama Esta akasema, "Huu siyo wa watu, mpikie mbwa." Hivyo ndivyo tunavyosema siku zote, wala hatufikirii mara mbili. Nikapika ugali wa Simba, nikafurahi kwamba sasa anakula bila kumnyang'anya mtu.

Siku ya pili jirani akaona. "Kumbe una unga wa kumpikia mbwa? Si ungenipa mimi?" Nikamwambia umeoza. Akasema, "Watoto wangu hawachagui." Nikasema nitampimia kesho. Kusema kweli nilitaka tu aondoke.

Kesho yake Simba alikuwa amelala, hataki hata maji. Alitapika, choo chake kikawa cheusi, na fizi zikaanza kuwa za njano. Nikamwita jamaa mmoja aliyesomea mifugo huko nyumbani, mkimbizi kama siye. Hakumgusa kwanza, aliomba aone unga. Akasema hiyo ni sumukuvu. Inatoka kwenye ukungu, inaharibu ini, na moto wa jiko hauiui, hata ukipika ugali mpaka ushike ukoko. Mbwa ni dhaifu kwa sumu hiyo kuliko wanyama wengi, ndiyo maana alitangulia. Alitangulia, ndilo neno alilotumia. Kisha akanieleza habari ya Kenya mwaka 2004: mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125, wengi wao wa upande wa Makueni na Kitui. Mahindi ya chakula cha kila siku, bwana.

Sasa najiuliza. Ule unga niliuona haufai kwa Esta. Nikauona unafaa kwa Simba. Na kwa watoto wa jirani nilikuwa tayari kuupima. Nani alinipa hiyo ngazi, nani akae juu, nani chini? Wenzetu wa mashirika watanisamehe, lakini mimi ninayejua kusimama kwenye foleni na kuambiwa nishukuru kwa kilichopo, nilipaswa kuwa wa mwisho kuipanda.

Jioni nilibeba ndoo nikaumwaga unga wote chooni. Jirani akanikuta. "Baba Esta, unatupa unga?" Nikamwonyesha Simba pale alipolala, nikamweleza yote. Alimtazama sana. Nikampimia vikombe viwili vya unga wetu mzuri, na Mama Esta hakunisemesha mpaka asubuhi.

Simba amepona, ila amekonda. Anakula ukoko na vichwa vya dagaa. Mchana siku hizi namfungua kamba.