Usiku Una Wenyewe

(Mahubiri kwa Wakristo wa Kipalapala. Somo: Zaburi 104, aya ya 19 hadi ya 23)



Katika Sala ya Jioni kuna ombi ambalo wengi wetu tunalijua kwa moyo, lile la kumwomba Mungu atulinde na hatari za usiku. Mwezi uliopita tulilisali pale Kipalapala saa 3 usiku, baada ya mazoezi ya kwaya niliyoyarefusha mimi mwenyewe. Tulipokwisha kuitika Amina, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaniuliza kwa upole, "Baba Mchungaji, sasa tunakwenda na nani?" Tochi yake ilikuwa imekwisha betri. Sikuwa na jibu.

Neno lile lilinirudisha kwenye Zaburi ya 104. Humo tunaambiwa kwamba mwezi umewekwa kuonyesha majira, nalo jua linajua wakati wake wa kuchwa. Anayeleta giza ni Mungu. Ndipo wanyama wa porini hutoka, na ngurumo ya simba ni kumwomba Mungu riziki yake. Kukipambazuka wao hurudi kulala, na zamu ya mtu inaanza, mpaka jioni. Sisi wahubiri tumezoea kusema kwamba usiku ni wa Shetani. Hata mimi nimehubiri hivyo mara nyingi. Lakini tazameni, zaburi hii haimtaji Shetani hata kidogo. Usiku una wenyewe, na wamepewa na Mungu.

Wataalamu wa nchi yetu na wa Marekani wameichunguza zamu hiyo kwa makini. Kule Serengeti simba wamefuatiliwa tangu mwaka 1966. Watafiti waliwatazama simba siku baada ya siku, wakipima kwa macho ukubwa wa tumbo: huyu ameshiba, huyu ana njaa. Wakaona kwamba usiku wa mbalamwezi simba hupata chakula kidogo, kwa maana mawindo humwona mapema. Mwaka 2011 Craig Packer, na Dennis Ikanda, na wenzao wawili, walitangaza jambo lililo zito zaidi. Tangu 1988 hadi 2009 simba waliwashambulia watu zaidi ya 1,000 katika Tanzania, hasa mikoa ya kusini. Walipolinganisha tarehe na saa za mashambulio, waliona kwamba wengi walishikwa baada ya jua kuchwa, kabla ya saa 4 usiku, na kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi katika zile siku zinazofuata mwezi mpevu.

Sababu yake yaeleweka hata kwa mtoto. Mwezi ukiwa mpevu huchomoza wakati jua linapozama, hivyo jioni haina giza. Kesho yake huchelewa karibu dakika 50, na keshokutwa huchelewa tena. Pengo la giza linafunguka mapema jioni, wakati watu bado wako njiani wakirudi majumbani, naye simba ametoka katika siku za njaa. Hajakosa saa yake. Ni sisi tuliomo ndani ya saa yake.

Wazee wa njia hii ya misafara, waliopita hapa Unyanyembe wakienda Ujiji au wakishuka pwani, walilijua jambo hili bila kusoma. Waliondoka alfajiri, na kabla ya jua kuwa kali sana walikuwa wamekwisha piga kambi; usiku walikuwa ndani ya boma la miiba, moto unawaka. Mzigo wa pembe ulikuwa na thamani kubwa, lakini hawakuubeba gizani bila sababu.

Hapa Kipalapala hatuishi tena na simba mlangoni. Lakini tuna fisi, tuna kifutu anayetambaa njiani usiku, na tuna ndugu zetu warina asali wanaokwenda misitu ya kuelekea Ugalla, ambako simba wapo. Nao husafiri wakitegemea mbalamwezi! Ndugu, jihadharini na jioni zile zinazofuata.

Nimemwomba Mungu anisamehe, na yule mama nimemwomba pia. Kuwaombea watu ulinzi, kisha kuwatoa nje katika saa isiyo yao kwa ajili ya wimbo mmoja ambao sauti ya tatu hawakuupata hata hivyo, ni kumjaribu Bwana.

Basi, kwa kibali cha wazee wa kanisa, kwaya itakutana saa 9 alasiri na kumaliza saa 11. Sala ya Jioni tutaisali tukiwa bado tunaonana nyuso. Katika juma linalofuata mwezi mpevu hakutakuwa na kikao chochote cha jioni, hata cha fedha. Tarehe za mwezi nimezibandika mlangoni mwa kanisa, na anayezisimamia ni yule mama.