Mwana Hiti Kabatini: Je, Kuweka Ni Kutunza?

Mtu mzima akionekana anapanga wanasesere, watu humcheka. Humcheka kwa sababu tumezoea kuamini kwamba mwanasesere ni wa mtoto, na kwamba umri hutudai tuachane naye kama tunavyoachana na meno ya utotoni. Lakini kicheko si hoja. Kabla hatujamhukumu mwenzetu yafaa tujiulize: sanamu ndogo ya mtu ina kazi gani mbele ya mtu? Na yule anayeikusanya na kuiweka mahali pa kutazamwa, ana wajibu gani juu yake?

Maswali haya yalinijia mjini Kibaha, ambako nimefanya kazi ya serikali kwa miaka mingi. Jirani yangu mmoja, kijana aliyekwisha kuoa na mwenye ajira yake, ametundika rafu ukutani mwa sebule yake. Juu ya rafu hiyo amesimamisha sanamu za plastiki za mashujaa wa filamu: Batman, Spider-Man na wengine ambao majina yao sikuyashika. Baadhi hajazitoa hata katika maboksi yake, maana, kama alivyonieleza, zikishatolewa thamani yake hushuka. Nilipotaka kushika moja aliniambia kwa adabu, "Mzee, hizi hazichezewi, hutazamwa tu." Wazee wenzangu wa mtaani humdhihaki. Mimi nami nilimdhihaki, mpaka siku nilipogeuka na kulitazama kabati langu mwenyewe.

Tuanze na asili ya jambo lenyewe. Sanamu za namna hii zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1964, pale kampuni ya Hasbro ilipotoa askari wa plastiki aitwaye G.I. Joe. Wauzaji waliogopa kwamba mvulana hatakubali kununuliwa mwanasesere, kwa hiyo wakabuni jina jipya, wakamwita sanamu ya vitendo. Mwaka 1978 kampuni ya Kenner ikatoa sanamu za filamu ya Star Wars, nyingi zikiwa na urefu wa sentimita 10 hivi. Watoto waliozichezea wamekuwa watu wazima, na wengi wao leo wanazitafuta tena, si kwa kuchezea bali kwa kuziweka. Hapo pana jambo la ajabu: sanamu iliyopewa jina la vitendo imefikia heshima yake kuu pale isipotenda lolote.

Lugha yetu ina maneno yanayoweza kutusaidia kufikiri. Kuna mwanasesere, ambaye ni wa kuchezewa. Kuna kinyago, ambacho ni cha kuchongwa, na mara nyingi cha kuvaliwa ngomani. Kuna sanamu, ambayo ni mfano wa kitu kwa jumla. Tofauti ya maneno haya haikai katika mti au plastiki, bali katika kazi. Gunzi moja la mhindi ni takataka mikononi mwa mpishi, na ni mtoto mikononi mwa binti mdogo aliyelivisha kitambaa. Basi kitu hakijui jina lake mpaka mtu akipe kazi.

Sisi tuliozaliwa Kisarawe tunacho kielelezo kikubwa cha ukweli huu, nacho ni mwana hiti. Huyu ni sanamu ya mti ya Wazaramo, na majirani zetu Wakwere, Waluguru na Wakutu wanaye pia. Wengi wa wana hiti hawazidi urefu wa shibiri moja. Hana mikono wala miguu. Ana kiwiliwili mviringo kama kipande cha fimbo, alama ya maziwa na kitovu, na kichwa kilichochongwa mtindo wa nywele wenye vishungi, aghalabu viwili. Msichana alipovunja ungo na kuwekwa ndani, alikabidhiwa mwana hiti amlee. Alimwosha, alimpaka mafuta, alimvisha shanga, alilala naye. Penye upungufu wa mchongaji, hata kibuyu kidogo au gunzi liliweza kushika nafasi yake. Umbo hilohilo lilichongwa pia juu ya fimbo za wakuu, juu ya ala za muziki na juu ya nguzo za makaburi, kiasi kwamba Mzaramo alikutana na mwana hiti tangu ujana wake hadi kaburini.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi jambo hili linavyovunja kile kicheko tulichoanza nacho. Mwali alipewa mwanasesere si kwa sababu alikuwa bado mtoto, bali kwa sababu alikuwa anaacha kuwa mtoto. Sanamu ilikuwa somo la dhamana. Aliyeweza kumtunza mwana asiyelia usiku angeanza kujifunza kumtunza yule aliaye. Kwa hiyo si kweli kwamba sanamu ndogo haimfai mtu mzima. Kwetu sisi ilikuwa mlango wa utu uzima.

Sasa, mwana hiti huyu amekusanywa sana. Wamisheni wa Kijerumani walifika Kisarawe na Maneromango katika miaka ya 1890, na wakati wa utawala wao maafisa, wasafiri na watu wa dini walichukua vitu vingi vya nchi hii wakavipeleka katika majumba ya makumbusho ya Ulaya. Vingine vilinunuliwa, vingine viliombwa, vingine vilitwaliwa kwa nguvu. Baadaye wakaja wafanyabiashara wa sanaa. Katika makabati ya huko mwana hiti husimama juu ya kijiti cha chuma, akiangazwa na taa, na chini yake kimeandikwa kikaratasi: Wazaramo, Tanzania, mti. Jina la mchongaji halipo. Jina la mwali aliyemlea halipo. Jina la ukoo halipo.

Si kila anayekusanya ni mwizi, na haifai kusema hivyo. Nyumba yetu ya makumbusho ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1940, nayo ni mahali pa kukusanya, na Kijiji cha Makumbusho kilichoanzishwa katika miaka ya 1960 kimewafundisha watoto wengi sura za nyumba za makabila ambayo wasingeyafikia. Lakini hata huko mkono wa mwizi ulifika. Mwaka 1984 kinyago cha Kimakonde kiliibwa kutoka katika makumbusho yetu, kikaonekana baadaye katika makumbusho ya Barbier-Mueller mjini Geneva, na baada ya mazungumzo ya miaka mingi kikarudishwa Tanzania mwaka 2010. Kiliweza kudaiwa kwa sababu kilikuwa na mwenyewe aliyejulikana. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Hapa ndipo inaponibidi kuungama. Katika kabati langu la vioo, pamoja na vikombe vya wageni na picha za harusi, nilikuwa na vinyago kadhaa nilivyovinunua katika safari za kikazi, na katikati yao nilimweka mwana hiti mmoja. Huyu sikumnunua. Nilimtoa katika sanduku la marehemu bibi yangu kule vijijini Kisarawe, miaka mingi iliyopita, nikijiambia kwamba namwokoa na mchwa. Wageni walimsifu. Mimi niliwaeleza kwa fahari kwamba ni urithi wetu.

Mwaka mmoja mpwa wangu, binti wa dada yangu mdogo, alimaliza Kidato cha Nne. Katika likizo ile, dada yangu na wanawake wa ukoo walitaka kumpa mafunzo ya kike kwa siku chache kabla ya kumcheza ngoma. Dada alikuja Kibaha kwa njia ya Mzenga na Mlandizi, akakaa, akanywa maji, kisha akasema, "Kaka, nimemfuata mwana."

Nilijua anachokitaka, na moyo ukakataa. Nikamwambia, "Dada, hiki ni kitu cha kale. Kikivunjika hatutapata kingine. Nitakuchongeshea kipya."

Akalitazama kabati kwa muda. Akasema, "Kaka, wewe unasema hiki. Huyu amelelewa na bibi, akalelewa na mama, akalelewa na mimi. Kama anavunjika, avunjike mikononi mwa mtoto wetu. Humu ndani amekwisha vunjika."

Kwa mila yetu mjomba ana sauti katika ukoo, na ningeweza kukataa. Lakini sikupata jibu la kumpa dada yangu, nami ni mtu niliyezoea kuandika mashairi na barua za serikali. Nilijifunza siku ile kwamba tofauti kati ya "hiki" na "huyu" si ya sarufi tu. Mimi nilimhifadhi kitu. Yeye alidai mtu wa ukoo. Nikafungua kabati nikamkabidhi.

Turudi basi katika hoja. Wapo watakaosema kwamba dada yangu alikosea, maana mti wa kale ni mali ya taifa, na taifa haliwezi kuikabidhi kwa msichana wa miaka 17 aipake mafuta. Hoja hii ina uzito. Mti huoza, nao wachongaji wamepungua. Iwapo kila mwana hiti angerudi mikononi, pengine baada ya miaka 50 asingebaki hata mmoja wa kumwonyesha mwanafunzi. Wapo pia watakaosema kwamba mila yenyewe haina haki ya kurudi: zamani mwali aliweza kufungiwa miezi mingi, na mtindo huo ukirudishwa leo utamwibia msichana shule yake. Nakubali kabisa, na nisingemtoa mwana hiti kwa ajili ya kumkosesha binti masomo. Wapo tena ndugu zetu wa dini, Waislamu na Wakristo, wanaoona shaka juu ya sanamu yoyote. Hao nawaheshimu, nami nasema kwamba katika nyumba yetu hatukumwabudu mwana hiti, tulimfanya mwalimu.

Lakini tukikubali hoja hizo zote, bado swali linabaki. Tunaposema "tunahifadhi utamaduni", tunahifadhi nini? Kuna msemo kwamba akiba haiozi. Mti wangu kabatini haukuoza, ni kweli. Kilichooza ni habari zake. Sikuwa na jina la aliyemchonga, wala sikujua kwa nini shingo yake ilikuwa imelainika upande mmoja. Dada yangu alijua: ni pale ambapo vidole vya walezi vilimshika. Mwalimu Nyerere, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alitahadharisha kwamba nchi isiyo na utamaduni wake hubaki mkusanyiko wa watu wasio na ile roho ya kuwafanya taifa. Naona onyo hilo linafaa kwa vitu pia. Mkusanyiko si utamaduni. Huwa sehemu ya utamaduni pale tu mkusanyaji anapokubali deni linaloambatana na kila kitu alichokiweka: ajue kimetoka wapi, awasimulie wengine, na awe tayari kukitoa siku mwenye haki anapokuja kukihitaji.

Kwa kipimo hiki, yule kijana wa Batman na mimi tulikuwa katika benchi moja, na huenda yeye alinizidi. Sanamu zake alizinunua kwa jasho lake, na mtu akimuuliza habari ya shujaa yeyote kati yao, humsimulia kisa chake tangu mwanzo hadi mwisho, huku macho yakimng'aa. Hakumnyang'anya mwali yeyote. Sitamcheka tena. Ila nimemwambia afungue boksi moja, ampe mwanawe achezee, maana baba asiyeweza kumwazima mwanawe mwanasesere atapata tabu kumrithisha mambo makubwa zaidi.

Mwana hiti alirudi Kisarawe na hakurejea kabatini mwangu. Yuko kwa dada yangu, amefungwa katika khanga, na shingo yake inaendelea kulainika. Mimi nimebaki na daftari. Nilikwenda huko na kalamu, nikaandika majina ya wanawake saba waliomlea, kwa kadiri kumbukumbu ya wazee ilivyofika, na jina la kijiji cha mchongaji. Nakiri kwamba nafasi aliyoiacha kati ya vikombe bado hunikera macho. Siku moja nikiitazama nafasi hiyo niliandika ubeti huu:

Kabatini umekaa, wakuona watembezi,
Vumbi limekuenea, umekosa na mlezi,
Aliyekubeba pia, hakujui siku hizi,
Mwana asiye na kazi, si mwana bali ni mbao.

Nanyi vijana wa sekondari, katika nyumba zenu hapana shaka kimo kitu kimoja kilichowekwa juu, kisichoguswa: kigoda, kibuyu, fimbo ya babu, au sanamu. Kiulizeni habari zake kwa wazee wakingali hai, na mziandike. Walimu nao wawape wanafunzi kazi hiyo kabla ya kuwapeleka makumbusho, ili watakaposimama mbele ya kioo wajue kuuliza swali ambalo kile kikaratasi hakilijibu: huyu alikuwa mwana wa nani?