Ndege wa barazani: je, ni sadaka?



Neno moja lililetwa mbele ya mashemasi, na kwanza tulilicheka. Katika jengo moja la etaji hapa Bukavu, mama mjane wa kanisa letu anakaa etaji ya tatu. Kila asubuhi, mbele jua halijapanda vizuri, anatoka barazani na kuwatupia ndege mchele na mabaki ya bugali. Wanakuja shomoro na njiwa, halafu kunguru wenye shingo nyeupe, na mwewe wanazunguka juu wakingoja zamu yao. Mama wa etaji ya pili ndiye alikuja kushitaki. Nguo zake kwenye kamba zinachafuka kwa mavi ya ndege, mabaki yanaangukia barazani kwake, na panya wameanza kuyafuata. Hayo yote ni mambo ya ufagio na maji. Lakini alipokwisha kusema hayo, akashusha sauti na kuongeza: yule mzee anasema na ndege, anawaita kwa majina. Si huo ni ulozi?

Hapo tukaacha kucheka. Ninyi nyote munajua neno hilo likitamkwa juu ya mjane anayekaa peke yake linaweza kumfikisha wapi. Wazee wamefukuzwa nyumbani mwao, wengine wamepigwa, kwa ushuhuda mdogo kuliko huo.

Tukapanda kumwona. (Ngazi zile ni nyingi, shemasi mwenzetu mmoja alipumzika mara mbili.) Tukamwuliza, «Mama, unasema nini na ndege?» Akajibu, «Wanangu, ninawasalimu. Tangu baba yenu alipofariki, nani mwingine ananiamkia?» Na yale majina? Ni majina ya wajukuu wake, walio mbali.

Tungeweza kushuka wakati ule na kufunga neno. Lakini kulikuwa na jambo lingine lililotuchoma, na lazima tuliseme bila kuficha. Sisi tulikulia katika bonde la Ruzizi. Kule mtoto hafundishwi kulisha ndege, anafundishwa kuwafukuza. Mpunga unapoanza kukomaa, watoto wanasimama shambani toka asubuhi mpaka jioni, wakipiga makopo na kurusha udongo, sababu kundi la ndege wadogo linaweza kumaliza jasho la miezi. Basi kuona mchele mzuri ukitupwa chini kwa ajili yao, tumbo letu lilikaza. Na barabarani, chini ya jengo lile lile, wako watoto ambao hawajui watakula nini mchana. Je, ni haki?

Wengi wanaopenda kulisha ndege wanajitetea kwa Mathayo sura ya 6, pale Bwana anapotuonyesha ndege wasio na shamba wala gala, na Baba anawapatia chakula. Tusome vizuri. Katika maneno yale hakuna mtu anayewatupia mchele. Wamekwisha kulishwa: kuna wadudu, kuna mbegu za majani, kuna matunda ya porini. Tena kwa nabii Eliya, penye kijito cha Keriti, mambo yaligeuka: kunguru ndio walimletea mtu chakula. Kunguru hao hao ambao sisi tunawaita ndege wa mkosi!

Kwa hiyo tunaona hivi. Mtu anayelisha ndege barazani hatoi sadaka. Anajipatia furaha. Na furaha ya namna ile si dhambi, hata kidogo. Kosa linaanza pale tunapoiita sadaka, sababu tukiisha kuiita hivyo tunataka kila mtu aiheshimu na kuivumilia. Lakini nani alikuwa akilipa? Mama wa etaji ya pili, kwa sabuni yake. Furaha yako, uilipe wewe mwenyewe.

Hata ndege wenyewe wanaweza kulipa. Mkate unawajaza tumbo bila kuwapa nguvu nyingi, chumvi ya vyakula vyetu ni mbaya kwao, na chakula chenye ukungu kinawaletea magonjwa. Ukiwazoesha kunguru na mwewe, wanakaa karibu na kuiba makinda ya ndege wadogo. Tena wanapokusanyika wengi mahali pamoja, na pakiwa pachafu, wanaambukizana. Mwaka 2017 homa ya ndege iliua bata na kuku kule Ituri, penye ziwa Albert. Anayefuga kuku asilichukulie neno hili kama mchezo. London walikataza kulisha njiwa katika uwanja wao mkubwa wa Trafalgar mwaka 2003, na Venice wakafuata mwaka 2008, na wale si watu wanaoogopa ulozi.

Na njaa ya watoto? Tuliipima sana. Aliyeuliza swali lile ni sisi, na siku iliyotangulia tulikuwa kwenye arusi, tukanywa soda tatu. Hakuna aliyetuuliza soda zile zingelisha watoto wangapi. Konzi moja ya mchele ya mjane ndiyo tuliyoiona. Hatukumkataza.

Tulipatana hivi: mchele mkavu kidogo, si mabaki ya bugali, juu ya sinia, si chini, asubuhi tu, na afagie wakiisha kwenda, kunguru awafukuze. Mama wa etaji ya pili alikubali. Neno la ulozi tulimwomba aliondoe mbele ya mashahidi, akaliondoa, macho yakiwa chini. Kama ameliondoa na moyoni, hatujui.

Tuliporudi tulifungua daftari ya kutembelea wajane. Jina la mama yule lilikuwa na alama ya mwisho miezi nane nyuma. Ndege hawakumkosa hata asubuhi moja.

Sasa kila siku ya tatu shemasi mmoja anapanda ngazi zile. Juma lililopita zamu ilikuwa yetu. Tulichelewa, sinia ilikuwa imekwisha kuoshwa, na mama alituuliza kama tumekunywa chai.