Siri ya Nyumba na Kitanda cha Mlinzi



Karibu kila mmoja wetu ameshaulizwa na watu wa nyumbani: mbona hutuoneshi unakofanya kazi? Wanataka kuona jiko la madam, gari la bosi, maghorofa ya West Bay usiku. Na wengi wetu tumewaonesha. Dakika mbili za TikTok watoto wakiwa wamelala, picha ya stetasi tukiwa na sare ya kampuni, na moyo unafurahi kwamba kule kwetu wamejua tumefika mahali.

Tuanze na upande ulio rahisi. Jiko la madam si letu. Mtoto tunayemlea si wetu, na mama yake akimkuta kwenye simu za watu asiowajua ana haki ya kukasirika, kama ambavyo yeyote kati yetu angekasirika. Sheria hapa iko wazi. Sheria Na. 14 ya 2014 ya makosa ya mtandao, kifungu cha 8, inakataza kusambaza habari na picha za maisha ya faragha ya mtu na familia yake, hata kama ni za kweli. Adhabu inaweza kufika miaka 3 jela na faini ya riyali 100,000. Kwenye makampuni, Sheria ya Kazi Na. 14 ya 2004, kifungu cha 61, inamruhusu mwajiri kumfukuza bila notisi mfanyakazi anayetoa siri za kazi. Na saa za zamu zimelipiwa. Mlinzi anayekesha na video anakula mshahara asioufanyia kazi, hata kama msimamizi hakupita usiku huo. Hapo hatuna ubishi.

Ubishi unaanza mlinzi anapouliza: je, na kitanda changu ni siri ya kampuni?

Swali hili si la kubuni. Malcolm Bidali, Mkenya, alikuwa mlinzi hapa Doha. Baada ya zamu alikuwa akiandika mtandaoni kwa jina la Noah kuhusu maisha ya walinzi: vyumba vilivyojaa watu, saa ndefu, kukosa faragha. Hakuwa akirusha picha za familia ya mtu. Mwanzoni mwa Mei 2021 alichukuliwa, akakaa kizuizini karibu mwezi mzima, peke yake. Tarehe 14 Julai mwaka huo akatozwa faini ya riyali 25,000 kwa kosa la kueneza habari za uongo, chini ya sheria ileile ya mtandao. Agosti akaondoka nchini.

Tufanye hesabu kidogo. Kima cha chini cha mshahara hapa, tangu Machi 2021, ni riyali 1,000 kwa mwezi. Faini hiyo ni mshahara wa miezi 25. Na riyali 25,000 ndizo pia faini ya juu kabisa ambayo Sheria Na. 21 ya 2015 inamtoza mwajiri anayeshikilia pasipoti ya mfanyakazi. Ni wangapi kati yetu pasipoti zao ziko kabatini kwa bosi leo, hatutauliza kwa sauti.

Wapo ndugu wanaosema Bidali alikosea, kwa sababu sisi ni wageni na mgeni hasemi vibaya nyumba aliyokula. Tunawaelewa, hofu yao ni ya kweli na wana watoto wa kusomesha. Lakini hoja yenyewe haisimami. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tulikabidhiwa uwanja wa ndege. Mgeni hatii sahihi mkataba wala halipwi mwisho wa mwezi. Tuliuza kazi yetu, na mwajiri akainunua pamoja na utulivu wa nyumba yake. Hakununua usingizi wetu, wala ukweli kuhusu mahali tunapolala. Siri ni ya yule ambaye jambo ni lake. Ugomvi wa madam na mumewe ni wao, tuufukie. Mshahara wangu wa miezi mitatu ambao haujalipwa ni jambo langu, na anayeniambia niufiche ananiomba nifiche mali yangu kwa ajili ya aliyenayo.

Wengine hutaja Mathayo 18, kwamba ndugu akikukosea umwendee ninyi wawili peke yenu. Ni kweli, na wengi wanaruka hatua hiyo kwa sababu kuposti ni rahisi kuliko kubisha mlango wa ofisi. Lakini tuisome sura hadi mwisho. Baada ya hapo wanaenda wawili au watatu, halafu jambo linaletwa mbele ya kusanyiko. Doha nayo ina ngazi zake: meneja, Wizara ya Kazi, kisha kamati za migogoro ya kazi zilizoundwa kwa Sheria Na. 13 ya 2017. Ni ngazi ndefu kwa mtu asiyepewa ruhusa ya kutoka, lakini aliyezipanda akiwa na mkataba, risiti za mshahara na tarehe zilizoandikwa anasikika kuliko mwenye video ya machozi.

Kuhusu simu za dada zetu wa majumbani, tuseme kidogo. Madam akitaka simu iwekwe kando wakati wa kuogesha mtoto, ni haki yake. Kuifungia kabatini mchana na usiku ni jambo jingine. Sheria Na. 15 ya 2017 inaweka saa 10 za kazi kwa siku na siku moja ya mapumziko kwa wiki. Saa zinazobaki ni za dada huyo, na katika saa hizo ana mama wa kumpigia, na pengine msaada wa kuomba.

Linalotusumbua zaidi ni sisi wenyewe kwenye magrupu. Kijana anarusha video ya kambi, tunaisambaza na alama za moto, tunamwita shujaa. Siku anaitwa polisi, tunaifuta na kutoka kwenye grupu. Huo ni ujasiri wa kukopa, na deni analilipa mwingine. Anayetaka kusema ana haki ya kujua kabla kwamba ukweli peke yake haumkingi hapa, na sisi wenye miaka mingi Doha ndio wa kumwambia, kwa upole, bila kumziba mdomo. Akiamua kusema baada ya hapo, ni lazima awe na namba za watu wawili au watatu watakaopokea simu saa nane za usiku, watakaojua ubalozi wake uko wapi, na watakaompelekea nguo na chakula. Wazee wa ushirika wamekubali namba zao ziandikwe. Walio tayari kuongeza zao, wamwone katibu baada ya ibada.